Mtoto Niliyemkata Kwenye Picha

Boti inayopeleka wageni kutazama nyangumi hurudi gatini saa nane mchana, na ikifika saa nane na robo kadi ya kamera huwa iko mezani kwangu. Shangazi huiweka kwenye kisahani cha kikombe changu cha chai, kama anayeniongezea kipande cha sukari, anasema, "Haya Mkasi, kata," kisha anaenda zake kuvua koti la mvua na kunawa chumvi usoni. Mimi naichomeka kadi, nanyoosha mgongo, nasubiri picha zijipange kwenye skrini. Halafu naanza. Kwanza nasawazisha bahari, maana bahari iliyoinama pichani humfanya mtu ahisi maji yatamwagikia miguuni. Kisha nakata. Natoa anga isiyo na kazi juu, natoa maji yasiyo na kazi chini, namwachia nyangumi nafasi mbele ya uso wake ili aonekane ana mahali pa kwenda.

Mimi mwenyewe sijawahi kupiga picha ya nyangumi hata mmoja. Nikipanda boti natapika kabla kamba haijafunguliwa. Kwa hiyo nakaa nchi kavu, kwenye chumba chenye dirisha moja na feni inayolalamika, na kazi yangu ni kuamua bahari iishie wapi.

Siku ile nilikuwa nimesawazisha picha ya kwanza tu, mkono bado uko juu ya kipanya, meneja aliposukuma mlango kwa bega.

"Mkasi! Mikono juu. Usikate kitu."

Nikainua mikono kweli. Ndivyo nilivyo; nikiambiwa jambo kwa sauti kubwa natii kwanza, naelewa baadaye.

"Wale watafiti wa chuo wameandika," akasema, akikaa kwenye ukingo wa meza yangu. "Wanaotambua nyangumi kwa mikia. Wanataka picha zote za msimu huu kama zilivyotoka kwenye kamera, nzima nzima. Wanasema tukikata tunatupa vitu wanavyovitafuta wao."

"Lini?"

"Kesho mchana wanakuja wenyewe. Na mimi nimeona tusiwape hivi hivi kama mzigo wa viazi. Tutazionyesha ukutani, tukae wote tuangalie, tumpongeze Shangazi. Miaka ishirini na miwili mbele ya boti si mchezo." Akapunguza sauti. "Lakini usimwambie. Nataka nimwone akikosa la kusema, angalau mara moja kabla sijastaafu."

Pale kazini kila mtu humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Lakini ni shangazi yangu mimi, dada wa baba. Baba alinipeleka kwake nikiwa na miaka tisa, akaenda kufanya kazi mbali, akabaki huko. Shangazi ndiye aliyenisuka nywele, akanisomesha, akaniombea kazi hii nilipomaliza chuo nikashindwa kuzungumza kwenye usaili wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Meneja akatoka akipiga mluzi. Nikabaki na picha niliyokwisha kuisawazisha. Ilikuwa ya mkia, mzuri sana, unadondosha maji kama pazia. Na kulia kwake, kikubwa kuliko mkia wenyewe, kiwiko cha mgeni mwenye shati la mistari.

Viwiko vilianza miezi minne iliyopita.

Lazima nieleze kwa nini kiwiko ni jambo zito. Shangazi ndiye aliyenifundisha kutazama picha, muda mrefu kabla ya chuo. "Kabla hujabonyeza," alikuwa akiniambia, "pitisha jicho kona zote nne, kama unafagia chumba. Uchafu hukaa konani." Mtu wa namna hiyo haachi kiwiko. Alipoacha cha kwanza nilicheka. Alipoacha cha tano nikasema amechoka. Sote tulikuwa tumechoka. Msimu ulikuwa mrefu, boti inatoka siku sita kwa wiki, na yeye si msichana tena. Baadaye yakaja mengine: kofia, reli ya boti, bendera iliyojikunja, kidole gumba cha mtu. Yote kulia. Kushoto palikuwa pasafi kama zamani.

Nikawa nakata. Sikumwambia mtu, wala sikujiambia mwenyewe kwa maneno kamili. Nilikata tu, siku baada ya siku, kama anayemfunika mgonjwa shuka bila kumwamsha, na picha zikawa zinatoka nzuri hata wageni wakatuandikia kushukuru.

Sasa, kwa kuwa nimekatazwa kukata, nilifungua picha nzima za msimu, kuanzia za wiki hiyo nikirudi nyuma. Nilitaka kuona uchafu ni mwingi kiasi gani, na kama watu waliokaa mbali na ukuta wangeweza kuudhani bahati mbaya. Hawangeweza. Kiwiko, kofia, kiwiko, mgongo wa mtu.

Hapo ndipo nilipomwona mtoto.

Ilikuwa picha ya siku kumi na moja zilizopita. Niliikumbuka kwa sababu meneja alikuwa ameichapisha na kuitundika mapokezi: nyangumi mama, mbali kidogo, pumzi yake imesimama hewani, nyeupe. Kwenye nakala ile ya mapokezi, mama yuko peke yake. Lakini kwenye picha nzima, kulia, palikuwa na bonge la kijivu lisiloeleweka, ambalo nilikuwa nimelitoa huku nakunywa chai. Nilidhani ni ubavu wa boti. Nikalikuza. Lilikuwa kichwa. Lilikuwa na mstari wa mdomo, na mwisho wa mstari ule palikuwa na jicho.

Mtoto wa nyangumi, wa miezi michache, alikuwa karibu na boti kiasi kwamba ile lenzi ndefu ilimwona kama ukungu. Shangazi alikuwa akimpiga mama yake. Nikafungua picha iliyofuata: boti imesonga, kichwa kimekaribia zaidi. Iliyofuata: povu tupu. Nikakaa na povu lile muda mrefu, naogopa kubonyeza. Katika ya nne mtoto alikuwa ametokea ng'ambo, ubavuni mwa mama yake, mzima. Machozi yakanilenga, nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia skrini, ingawa chumbani hakukuwa na mtu wa kumdanganya.

Nikashuka gatini.

Nahodha alikuwa anasugua sakafu ya boti, suruali ameikunja hadi magotini. Nilisimama mbali na ukingo, mahali ambapo tumbo langu halilalamiki.

"Mkasi kaja kututembelea! Leo kutatokea jambo. Panda basi."

"Hapana, nahodha. Nipo sawa hapa."

"Boti imefungwa, binti. Haiendi popote."

"Hata nikiitazama tu naona kizunguzungu."

Akacheka, akatikisa kichwa. Nikasubiri amalize. "Nilitaka kuuliza. Mkiwa huko nje, unajuaje nyangumi wako wapi?"

"Kwa mikono ya shangazi yako. Mimi nimekaa nyuma ya kioo, mbele yangu wageni thelathini wamesimama kama msitu, nitaona nini? Yeye yuko mbele kabisa. Akiinua mkono wa kushoto, nyangumi yuko kushoto, napunguza mwendo. Akiinua wa kulia, vivyo hivyo. Akishusha yote miwili, najua njia nyeupe, naongeza."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi kawaroga." Akaegemea mpini wa ufagio. "Wote wanapita kushoto! Nakuapia, tangu katikati ya msimu sijauona mkono wa kulia ukipanda. Jana nikamwambia, dada, huo mkono wa kulia umemwazima nani? Unajua alinijibu nini? Eti mimi kiti changu kiko kulia, nyangumi wameiona sura yangu, wamehama upande."

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilikuwa na sentensi tayari. Niliitunga nikishuka ngazi za ofisi, fupi, isiyo na pa kukwamia. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ahsante, nahodha. Kazi njema."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikazichagua zile picha nne, nikabonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa sina. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyeshikilia mlango kwa bega muda mrefu, na aliye nje wala hajui kwamba anazuiwa. Nikabonyeza hapana, nikaweka picha zile kwenye kompyuta ndogo, nikaenda nyumbani.

Tunakaa vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Mashine zake hutetemesha sakafu yetu hadi jioni, tumezoea kuinua sauti bila kugombana. Nilimkuta Shangazi anapiga pasi shati lake jeupe karibu na dirisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeukunja uso kama shati hili kabla sijaligusa? Njoo nikupige pasi na wewe." Akanisogezea shavu nimbusu. "Meneja wako ananificha kitu. Kaniambia kesho nikitoka baharini nivae vizuri, kisha kageukia ukutani anacheka peke yake. Yule bwana siri haimkai. Ukimwambia jina lako, kesho mtaa mzima unalo."

Nilitazama shati. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka kama karatasi. Wa kulia ulikuwa na makunyanzi yote ya kamba ya nguo, naye tayari alikuwa anachomoa pasi ukutani. Akalitundika shati mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama kwa kuridhika.

Kisha akaketi kwenye kiti chake. Miezi mitatu nyuma alikihamisha hadi ukuta ukawa mkono wake wa kuume. Alisema upepo wa dirisha unamsumbua. Nilimsaidia kukibeba. Nilishika miguu ya nyuma.

"Nina picha nataka uione," nikasema.

"Mwanangu, nimeamka saa kumi alfajiri. Macho yangu yameshafunga duka."

"Moja tu."

Akashusha pumzi, akavuta miguu kutoka kwenye viatu, akaashiria kwa kidole nilete. Nikaiweka kompyuta mbele yake, katikati kabisa, nikapiga magoti kando ya meza.

"Si ile ya mapokezi?"

"Ndiyo. Ila hii ni nzima."

Akaitazama. Nilimwona anavyomtazama yule mama: mgongo, pumzi, mwanga. "Pumzi imesimama vizuri," akasema. "Jua lilikuwa kali, unaona hapa limekula weupe. Lakini safi." Akangoja. "Haya, kuna nini? Unataka sifa? Umekata vizuri, Mkasi."

"Sijakata, Shangazi. Hii haijaguswa."

"Basi nimepiga vizuri mimi! Nipe mimi sifa." Akacheka, akanigonga begani.

Sikucheka. Nikasema, "Geuza kichwa kidogo. Kuume."

Alinitazama kwanza mimi. Kisha akageuza kichwa, taratibu, kama anayechungulia chumba ambacho hakuambiwa kina mtu. Niliiona sekunde aliyomfikia. Mkono wake ulipanda hadi mdomoni ukabaki hapo.

"Huyu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Hapa? Karibu hivi na mimi?"

"Alizama, akapita chini yenu. Ni mzima, Shangazi, ninayo nyingine, yuko na mama yake." Nikamwonyesha haraka, nikimwelekeza kwa kidole mahali pa kutazama. Aliitazama ile ya mwisho, akarudi kwenye ya kwanza. Akarudisha kichwa mbele, na najua kwamba mtoto alipotea, kwa sababu alikigeuza tena kumtafuta. Alifanya hivyo mara tatu. Chini, cherehani moja ilinyamaza, nyingine ikaendelea.

"Nilishusha mikono," akasema. "Nakumbuka. Nilishusha yote miwili, boti ikaongeza."

Nikamshika kifundo cha mkono. Hakuuondoa.

"Nilikwenda kwa daktari," akasema.

"Lini?"

"Msimu ulipoanza. Nilikuwa najigonga kwenye milango, nikaona nikaulize. Akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Akanipa dawa ya matone, kila siku bila kukosa. Nikatia wiki mbili. Inaleta ukungu asubuhi nzima, mwanangu. Mtu atapigaje picha ndani ya ukungu? Nikaiacha, chupa ya pili hata sijaifungua."

"Ukaiacha?"

"Nilikuwa na ushahidi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Kila jioni nilikuwa naangalia picha ulizomaliza. Zimekaa sawa, kona zote safi. Nikajiambia, mtu asiyeona upande mmoja hawezi kupiga hivi. Daktari anatia chumvi. Hivi vivuli ninavyoviona kuume ni uchovu, msimu ukiisha nitalala, vitaondoka."

Miezi minne nilidhani namsitiri mbele ya watu. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye anazitazama zile picha kama watu wengine, akitafuta ndani yake kama bado ni mzima. Nilijaribu kukumbuka jioni moja aliyokaa karibu yangu na kuniuliza lolote. Nilizikumbuka nyingi. Alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake, anatazama nilichomaliza, anasema tu, "Aa, sawa," na mimi nilikuwa nafurahi.

Alijifuta uso kwa kiganja, akakaa wima. Ilikuwa sauti yake ya kazini sasa.

"Sikiliza. Zimebaki wiki tano. Sasa nimeshajua, nitakuwa nageuza kichwa. Nahodha nitamwambia aende polepole, nitamwambia nyangumi wamekuwa waoga. Na wewe kata kama kawaida yako. Hao watafiti waambie picha za mwanzo zimeharibika, wachukue hizo zilizopo. Wiki tano tu, kisha naenda kwa daktari mwenyewe, kwa miguu yangu. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa rahisi. Mikono yangu ilikuwa imekubali kabla yangu. Niliihisi juu ya meza, inajua la kufanya, kusawazisha, kutoa, kuacha nafasi. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutamani kulala palepale chini ya meza, niamke msimu umeisha. Na alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipotoka kwenye zile saili, tayari kunisamehe kwa kunyamaza.

"Ndiyo?" akauliza.

Nikaitoa mikono mezani.

"Mbona kimya? Tangu utoto wako unameza maneno kama vidonge. Kama una neno, litoe, tulale."

Sauti ilitoka ndogo mno, ikafunikwa na cherehani. Nikasimama, nikaenda nikakaa mbele yake anaponiona, nikaanza upya.

"Shangazi, upande mmoja huoni. Zile picha hazikuwa sawa, mimi ndiye niliyezifanya ziwe sawa, kwa sababu nilikuonea huruma na kwa sababu nakuogopa. Sikati tena. Kesho watu waone zilivyo. Usipande boti asubuhi, na dawa uanze leo, sasa hivi, nitakutia mimi. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie mwaka mzima. Mimi nataka uendelee kuniona."